Macho ya magharibi

Kaa barazani Mji Mkongwe saa 12 na nusu jioni, bao likiwa limepamba moto, utasikia kijana akisema: "Ami, hizo nne, si tatu." Ami anainama, anatia kidole shimoni, anahesabu upya. Wengine wanacheka, mzee ameanza kusahau. Wapi! Hajasahau kitu, haoni tu.

Hali hiyo mimi naiita macho ya magharibi: jicho linalotosheka mchana, lakini jua likizama linapungukiwa.

Chanzo ni mboni, kile kitundu cheusi kinachoingiza mwanga. Gizani mboni ya kijana hutanuka hadi milimita 7 hivi; ya mtu wa miaka 70 aghalabu haifiki 5. Milimita 2 zinaonekana si kitu, ila mwanga unapita kwa eneo la kitundu, kwa hiyo karibu nusu yake umeshapotea. Tena lenzi iliyo nyuma ya mboni nayo imeshageuka manjano kwa umri, mfano wa chemni ya taa iliyoshika moshi. Ndiyo maana hukadiriwa kuwa mtu wa miaka 60 hupata thuluthi tu ya mwanga anaopata wa miaka 20, na wote wawili wamekaa baraza moja.

Sasa litazame bao lenyewe. Mashimo 32, kete 64. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za kijivu, na ubao wa zamani umekolea weusi kwa mikono ya watu. Kijivu ndani ya kivuli! Macho ya uzeeni huchelewa sana kupambanua vitu vinavyokaribiana rangi, na hapa miwani ya kusomea haifui dafu, maana inanyoosha umbo la kete lakini haileti mwanga. Katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, unaweza kujikokota, kete zinaingia moja moja. Kwenye mtaji, hatua inayofuata kete zote zikishaingia, ukikosea hesabu ya kete moja, mkono unaishia shimo jingine kabisa.

Kijana mwenye adabu huwasha tochi ya simu. Asante, lakini akiielekeza vibaya anamwongezea mzee shida: lenzi iliyozeeka hutawanya mwanga, macho yanaingia kiwi, na yatachukua muda kurudi. Wacheza keram wamelielewa hili siku nyingi. Taa yao inaning'inia juu ya meza, ina kifuniko, inamwaga mwanga ubaoni na si usoni.

Ila kama hata chini ya taa nzuri kete zina ukungu, au taa zenyewe zinaonekana zimezungukwa na duara, hilo si la umri tu. Huenda ni mtoto wa jicho au presha ya macho, na daktari wa macho ndiye wa kuangalia.

Ami yangu ana dawa yake. Anataka bao lianze saa 10, na adhana ya magharibi ikilia anainuka hata akiwa anashindwa. Nani atamlaumu?