Shokapu ngumu haibebi mzigo

Wenye pikapu kuukuu zinazoteremsha magunia ya karafuu kutoka Konde hadi Wete, kisiwani Pemba, huamini kwamba gari ikiinama nyuma, dawa yake ni shokapu ngumu zaidi. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Shokapu ya kawaida ni bomba la mafuta ambamo pistoni huyasukuma mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba, na kwa njia hiyo nguvu ya mtikisiko hugeuka joto, springi ikaacha kurukaruka. Kwa hiyo springi iliyochoka au kuvunjika itaendelea kuinama hata ukifunga shokapu ya bei ghali, na ugumu ukizidi, gari isiyo na mzigo itadunda, tairi zikiachana na barabara kwenye kona za mteremko, jambo ambalo mimi nalihofia kuliko kuinama kwenyewe.

Zikaguliwe springi kwanza. Kisha shokapu zichaguliwe kwa urefu wake zikiwa zimevutwa na zikiwa zimebanwa, hasa kama gari iliwahi kuongezwa kimo, na zibadilishwe mbili kwa pamoja, kulia na kushoto.