Vermeer na Deni la Mikate

Mchoraji Johannes Vermeer alifariki Desemba 1675 mjini Delft, Uholanzi, akiwa na miaka 43. Aliacha mjane, watoto 11 na deni la mikate la gilda 617 (gilda ni sarafu ya Uholanzi ya wakati huo). Mwoka mikate, Hendrick van Buyten, alishika picha mbili za marehemu ziwe rehani.

Wageni wa makumbusho hutuuliza: mchoraji bingwa anakosaje hela ya mkate? Jibu liko ndani ya picha zenyewe. Kwanza, alichora polepole mno. Wakati Rembrandt, mchoraji mwingine Mholanzi wa zama zake, aliacha mamia ya kazi, za Vermeer zinazojulikana leo hazifiki 40. Pili, hakubania rangi.

Itazame ile ya mtumishi anayemimina maziwa, ya mwaka 1658 hivi, iliyoko katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Si kubwa, kimo chake hakifiki nusu mita. Sogea karibu. Ukutani kuna msumari wenye kivuli chake, na pembeni matundu ya misumari iliyokwisha kung'olewa. Kioo kimoja cha dirisha kimevunjika. Maganda ya mikate mezani yametapakaa vitone vya rangi nyeupe, kana kwamba chumvi imenyunyizwa. Ukirudi nyuma hatua tatu vile vitone vinageuka mwanga. Vipimo vya mwaka 2022 vilionyesha kuwa nyuma ya kichwa cha mtumishi kulianza kuchorwa rafu ya magudulia. Vermeer akaifunika, akabakiza ukuta mtupu. Mimi naona uamuzi huo ndio ulioifanya picha hii.

Sasa angalia aproni. Buluu ile ghali ilitoka kwenye jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa Badakhshan, milima ya Afghanistan, likasafirishwa hadi Ulaya. Jiwe lilisagwa, unga ukachanganywa na nta na utomvu, kisha donge likakandwa kama unga wa chapati ndani ya maji ya majivu mpaka buluu ijitenge na kutuama chini. Wachoraji wenzake waliitumia kwa uchoyo. Vermeer aliitia hata kwenye vivuli, chini ya rangi nyingine, mahali ambapo mnunuzi asingeiona.

Mambo yalikwenda kwa muda. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Luka, chama cha wachoraji na mafundi wa mji, tangu 1653, na baadaye akakiongoza. Mama mkwe wake, Maria Thins, alikuwa na mali, na familia iliishi kwake. Tajiri mmoja wa Delft, Pieter van Ruijven, anaaminika kuwa ndiye aliyenunua sehemu kubwa ya kazi zake. Hata mwoka mikate alikuwa mpenzi wa picha: mwaka 1663 Mfaransa mmoja, Balthasar de Monconys, alimtembelea Vermeer, hakukuta hata picha moja, akaenda kuonyeshwa moja kwa mwoka mikate. Alipotajiwa bei akaona ni wizi.

Mwaka 1672 Ufaransa iliivamia Uholanzi na soko la picha likafa. Vermeer alikuwa pia dalali wa picha za wengine, kwa hiyo alipata hasara pande zote mbili. Mjane wake, Catharina Bolnes, alieleza katika ombi lake kwa wakuu kwamba mzigo wa watoto na kukosa mapato vilimwelemea mumewe, na kwamba ndani ya siku moja na nusu alitoka uzimani akafa.

Zile picha mbili za rehani Catharina aliruhusiwa kuzikomboa kidogo kidogo. Moja ilionyesha watu wawili, mmoja ameketi anaandika barua. Wataalamu wengi wanaamini ndiyo hii iliyoko leo katika Jumba la Taifa la Sanaa, Dublin, Ayalandi. Imeibwa mara mbili, 1974 na 1986, na mara zote mbili ikapatikana.