Sirizi ya daladala la angani: unaienzi au unaidesa?

Kwanza niseme wazi, hakuna aliyekataza watu kuchekesha. Nasema hivi kwa sababu kila tukitoa elimu ya hakimiliki kuna mtu lazima aandike "basi tusicheke tena Tanzania". Chekeni. Shida yetu ni nyingine.

Siku hizi swali linalokuja sana ofisini ni la vijana wanaotengeneza vichekesho vya Yutubu wakiigiza sirizi za nje, hasa hizi za mambo ya anga, vyombo vya kuruka, viumbe wa sayari nyingine, mtu anakuuliza, "sasa hii mimi si naienzi tu, kosa liko wapi?" Na mwenzake pembeni ameshatishwa na mtu kijiweni kwamba atafungwa. Wote wawili hawajakaa sawa.

Juzi walikuja vijana wanne wa Yombo na simu ya kioo kilichopasuka wakanionyesha kipande chao. Chombo cha angani ni daladala. Ndani wamebandika foili ile ya kufungia chipsi, usukani ni mfuniko wa sufuria, kapteni kavaa traki suti ya njano na beji ya kadibodi, konda ananing'inia mlangoni anaita "Mars Mars Mars, Mwezini kushuka, wa kusimama wawili!" halafu kuna mama wa samaki anagoma kulipa nauli kwa sababu wamempitiliza sayari yake. Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuangalia, siwezi kuficha.

Walichokuwa wanaogopa ni yule kapteni, kwamba wamemfanyia dhihaka kapteni wa watu. Nikawaambia hapo tulieni kidogo. Kapteni jasiri, meli ya angani, mabaharia wa makabila ya sayari mbalimbali, safari ya kwenda kusikojulikana, hayo ni mawazo, na wazo halina hatimiliki, ndio maana duniani kuna sirizi za anga chungu nzima na hazijapelekana zote mahakamani. Sheria inalinda namna wazo lilivyotolewa: maneno ya skripti yenyewe, muziki, picha, muonekano wa chombo, mhusika aliyechorwa mpaka ukimuona tu unamjua ni nani na katoka wapi. Ukichukua wazo ukalipeleka Gongo la Mboto, hiyo ni kazi yako. Ukichukua jina lake, sare yake, masikio yake, maneno yake na chombo chake kama kilivyo, halafu ukaongeza konda, hapo tunaanza kuongea lugha nyingine.

Mfano upo na ni wa Marekani. Kuna mashabiki wa Star Trek, sirizi ya anga ya huko, walitaka kutengeneza filamu yao inaitwa Axanar, wakachangisha mtandaoni zaidi ya dola milioni 1, mwishoni mwa 2015 Paramount na CBS, kampuni zenye sirizi hiyo, wakawapeleka mahakamani. Walalamikaji waliorodhesha mpaka sare, masikio yenye ncha na lugha ya Klingon, ile ya viumbe wa kubuni wa sirizi hiyo. Januari 2017 jaji akasema utetezi wa matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila idhini kwa namna sheria yao inayokubali, haupo hapo, na kabla kesi haijasikilizwa wakamalizana nje. Na angalia, wale hawakuwa wanadhihaki, walikuwa wanaipenda kweli kweli! Upendo haukuwasaidia. Katikati ya mgogoro, Juni 2016, wenye kazi wakatoa masharti kwa mashabiki: stori moja isizidi dakika 15, ukiigawa vipande viwili jumla isizidi dakika 30, michango isizidi dola 50,000, na usiuze. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mashabiki wanaruhusiwa", mwambie wanaruhusiwa kwa masharti ya mwenye mali, kama mpangaji.

Sasa mtu mwingine atakwambia dhihaka inaruhusiwa, ameona kwenye video. Ni kweli, Marekani mahakama yao ya juu kabisa mwaka 1994 ilisema wimbo wa dhihaka wa kundi la 2 Live Crew unaweza kuwa matumizi ya haki hata kama unauzwa. Ila siyo kila kinachochekesha kinaitwa dhihaka. Hapo hapo Marekani, Desemba 2020, mahakama ya rufaa ilikikataa kitabu kilichochanganya Star Trek na michoro na mtindo wa Dr. Seuss, mwandishi wa vitabu vya watoto, kwa sababu hakikuwa kinamsema wala kumcheka Dr. Seuss, kilitumia tu kazi yake kujivutia watu. Yaani utani uwe unaielekea kazi yenyewe. Ukiazima nguo za mtu ili uchekeshe kuhusu bei ya luku, mwenye nguo atakuuliza kwa nini zangu. Uingereza nao tangu Oktoba 2014 wameiandika dhihaka kabisa kwenye sheria yao.

Lakini ndugu zangu hizo ni sheria za kwao! Hapa naomba nieleweke maana ndipo watu wanapochosha. Sisi Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, Sura ya 218, Zanzibar wana ya kwao. Ukisoma matumizi yanayoruhusiwa bila idhini utakuta matumizi binafsi, kunukuu kwa kiasi kinachostahili huku ukitaja chanzo, kufundishia, kutoa habari. Dhihaka haijatajwa. Haina maana kwamba dhihaka ni kosa la jinai, sijasema hivyo na msinilishe maneno, maana yake ni kwamba hamna mlango wenye jina lako, itabidi upite kwenye ile ya wote na ujieleze. Na kila shauri linaangaliwa lenyewe, kwa hiyo hapa siwapi ruhusa, nawapa elimu.

Kuna wanaoleta habari ya utani. Mzee mmoja aliniambia "mbona Mzaramo akimtania Mnyamwezi mpaka msibani hakuna kesi?" Mzee wangu, utani una pande mbili zinazojuana. Studio ya Hollywood haina mtani Temeke.

Turudi kwa wale vijana, kwa sababu kosa lao hawakuliona kabisa. Mwanzoni mwa kipande wameweka muziki wa kufungulia wa sirizi yenyewe, mzima mzima. Katikati, daladala likiingia kwenye vita, wamekata klipu ya milipuko kutoka kwenye sirizi, sekunde 40 hivi. Nikauliza hii mmeipata wapi, wakanijibu "tumeshusha tu bro, tumeandika chini hatuna nia ya kuvunja hakimiliki". Aisee. Hiyo sentensi sijui nani aliianzisha, haina kazi yoyote. Ni sawa na kuingia shambani kwa mtu ukiwa umevaa bango la sikuja kuiba, huku umebeba mkungu wa ndizi. Na hakuna sheria ya sekunde 7, wala 10, wala 30. Kumtaja mwenye kazi ni heshima nzuri lakini siyo kibali. Kutopata hela nako siyo kibali. Na "atanijuaje" ndiyo mbaya kuliko zote: Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kazi ya Mmarekani inalindwa hapa kama ya mtu wa Mbagala, na siku hizi hata hakutafuti mtu, mashine ndiyo inasikiliza.

Utaratibu wa Yutubu uko hivi, mwenye kazi akiomba video iondolewe unapata straiki, straiki inakaa siku 90, zikifika tatu ndani ya hizo siku chaneli inafungwa. Ukiona umeonewa unapeleka notisi ya kupinga, unaweka majina yako kamili na anwani, mlalamikaji anapewa siku 10 za kazi aonyeshe amefungua shauri, asipofanya hivyo video inaweza kurudi. Usipeleke notisi kwa hasira. Unapoipeleka unakubali kushitakiwa, watu wanabonyeza tu.

Huku kwetu mwenye kazi anaweza kwenda mahakamani kuomba zuio na fidia, na ukiwa umefanya kwa makusudi tena kibiashara kuna upande wa jinai, kifungu cha 42, faini au kifungo au vyote viwili, na kurudia ni mbaya zaidi. Someni pamoja na marekebisho yake, siyo ile nakala ya zamani inayozunguka Wasapu.

Jambo jingine, kibali cha Bodi ya Filamu na idhini ya mwenye hakimiliki ni vitu viwili tofauti. Na kusajili kazi yako Cosota, ofisi ya hakimiliki, hakusafishi ulichokopi, kunaweka kumbukumbu ya kilicho chako. Kuomba idhini siyo mlima: andika wewe ni nani, unataka kipande gani, kuanzia dakika ngapi mpaka ngapi, utakionyesha wapi, kwa muda gani, unauza au huuzi, subiri jibu la maandishi. Ukimya siyo ndiyo.

Halafu wale wa kuingiza sauti za vichekesho juu ya muvi nzima na kuonyesha vibanda umiza, nyie siyo dhihaka, hiyo ni muvi ya mtu na sauti yako juu yake. Tutawaongelea siku yenu.

Vijana wa Yombo walinielewa nusu. Muziki wameutoa, badala yake rafiki yao anapiga honi ya daladala kwa mdomo, na mimi naona imechekesha kuliko mwanzo. Zile sekunde 40 wamesema watazifikiria. Nimewaambia wazifikirie kabla ya Ijumaa wanapopandisha.