Isopoda wa nchi kavu: acha rangi, hesabu pingili

Geuza jiwe lililokaa kwenye unyevu au banja gome la gogo lililooza, na huenda ukaona vinyama vya kijivu vikikimbilia gizani. Wengi huwaita wadudu. Hawa ni isopoda wa nchi kavu, krasteshia walio ndugu wa kaa na uduvi, na sayansi imekwisha kueleza aina zao zaidi ya 3,500.

Kwanza hakikisha ni yeye. Isopoda mzima ana mwili bapa na jozi 7 za miguu, jozi moja kwa kila pingili ya kifua. Wapo majongoo wafupi wanaojikunja mviringo kama afanyavyo yeye, na hapo hata watu makini hupotea. Tazama tumboni: pingili nyingi za jongoo zina jozi mbili za miguu. Amfipoda wa nchi kavu naye ni krasteshia, ila amebanwa ubavuni na akiguswa huruka. Ukihesabu jozi 6 tu, huenda umeshika mtoto aliyetoka juzi kwenye mfuko wa mamaye. Jozi ya saba huota baadaye, akishajivua gamba.

Rangi inadanganya, nami nasisitiza jambo hili kwa sababu picha nyingi hupewa jina kwa rangi peke yake. Porcellio scaber, mmoja wa isopoda hawa, anaweza kuwa wa kijivu, wa rangi ya chungwa au wa madoadoa. Isopoda mwenye buluu kali isiyo ya kawaida mara nyingi ni mgonjwa wa iridovirusi, wala si aina mpya. Aliye mweupe nusu ya nyuma anajivua gamba tu: wanyama hawa huvua nyuma kwanza, kisha mbele siku chache baadaye.

Alama ya kuaminika zaidi ni kipapasio. Isopoda ana jozi mbili za vipapasio, lakini ya kwanza ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Chukua kioo cha kukuza mara 10, utazame ncha nyembamba ya kipapasio kirefu, uhesabu pingili zake. Porcellio na Armadillidium wana mbili. Oniscus asellus na Philoscia muscorum wana tatu. Ligia wa miamba ya pwani ana zaidi ya kumi.

Kisha nenda mkiani. Viambata viwili vya Armadillidium vulgare ni bapa na havizidi ukingo wa mwili, ilhali vya Porcellio huchomoza. Philoscia mwili wake hupungua upana ghafla panapoanza fumbatio, yaani sehemu ya mwili iliyo nyuma ya kifua. Wa Oniscus unaendelea bila kukatika. Mgeuze akiwa hai: Porcellio ana jozi mbili za mabaka meupe, ambayo ndiyo mapafu yake, Trachelipus ana tano, Oniscus hana.

Kujikunja hakutoshi kumtaja, kwa kuwa zipo familia kadhaa zenye tabia hiyo. Ukimpiga picha, chukua kichwa na vipapasio kutoka juu, mkia, ubavu na tumbo. Kwa aina ndogo za familia ya Trichoniscidae, picha haitasaidia sana: nyingi hutambuliwa kwa viungo vya chini ya fumbatio la dume, chini ya hadubini, kwa hiyo kielelezo cha jike peke yake mara nyingi huishia kwenye jina la jenasi, yaani kundi la aina zilizo karibu, bila kufika kwenye aina yenyewe.