Kiti cha mwaloni cha kuunga: ni kitu gani, na kinatambulikaje

Wauzaji wa samani za kale wanapotaja kiti cha mwaloni cha Kiingereza chenye nakshi, mara nyingi wanakusudia kiti kizito cha mikono, chenye egemeo la paneli, cha kati ya mwisho wa karne ya 16 na mwisho wa karne ya 17. Jicho hukimbilia nakshi. Lakini kinachokifanya kiti hiki kiwe cha aina yake ni namna kilivyoungwa: fremu ya miti minene iliyoshikana kwa ulimi na tundu (ncha iliyopunguzwa ya mbao moja ikaingia kwenye tundu la nyingine), ikakazwa kwa vijiti vya mbao, bila gundi na bila msumari. Nakshi inaweza kuchongwa wakati wowote, hata miaka 200 baada ya kiti kutengenezwa. Maungo yalifanywa mara moja tu, siku kiti kilipojengwa. Kwa sababu hiyo anayetaka kukijua kiti aanze kukitazama chini na nyuma.

Uingereza kazi hii ilikuwa ya mafundi waungaji, tofauti na maseremala wa majengo. Chama cha waungaji wa London kilipata hati ya kifalme mwaka 1571, na cha wakerezaji, wanaochonga mti ukizungushwa, mwaka 1604. Waungaji na maseremala waligombana muda mrefu juu ya nani afanye nini, hata wakuu wa jiji wakakata shauri mwaka 1632: samani za ulimi na tundu zibaki kwa waungaji, na maseremala wapewe zile za mbao zilizopigiliwa misumari. Kwa hiyo benchi la mbao tano zilizogongwa misumari, hata likiwa la mwaka uleule na la mwaloni uleule, haliingii katika kundi hili.

Ubora wake unaanzia kwenye gogo. Mara nyingi mbao za kiti cha kuunga hazikupasuliwa kwa msumeno. Gogo lilipigwa kabari likawa nusu, kisha robo, kisha thumni, na kila pasuo lilifuata nyuzi kutoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome. Mwaloni una miale mipana inayotoka kiini kwenda nje, na ubao uliopasuliwa sambamba na miale hiyo huonyesha mabaka ya kung'aa usoni. Urembo huo una faida ya kazi. Mti unapokauka hunywea karibu mara mbili zaidi kwa upande wa kuzifuata pete kuliko upande wa kiini kwenda gome, hivyo ubao uliopasuliwa namna hii hunywea kidogo kwa upana wake na haupindi. Tena nyuzi zake hazikukatwa popote, zinakwenda mfululizo toka ncha hadi ncha, na ndiyo maana mguu wa unene wa sentimita 5 umebeba watu kwa miaka 350.

Mafundi waliufanyia kazi mwaloni ungali mbichi au nusu mbichi, maana ukikauka kabisa huwa mgumu na hula makali ya patasi. Walipiga randa upande unaoonekana tu. Upande wa nyuma wa paneli na wa ndani wa fremu ulibaki na alama za shoka na mipasuko, na mara nyingi kipande ni kinene ukingo mmoja na chembamba mwingine, kwa sababu kilitoka kwenye gogo kikiwa na umbo la kabari.

Miguu miwili ya nyuma ni nguzo ndefu zinazopanda toka sakafuni hadi juu ya egemeo, nazo hulalia nyuma kidogo kuanzia kwenye kikalio. Ya mbele hukerezwa, kisha hupita juu ya kikalio na kubeba mikono. Kikalio kimezungukwa na mbao nne zenye ndimi pande zote mbili, na kwa kuwa mbele ni kupana kuliko nyuma, ndimi za mbao za pembeni hukatwa kwa mshazari. Hapo ndipo fundi mzuri anapopambanuka na mwanafunzi. Chini, karibu na sakafu, mbao nyingine nne hufunga miguu. Ubao wa kukalia hulazwa juu na kushikiliwa kwa vijiti.

Sasa tazama kwa karibu ungo mmoja. Ulimi una unene wa takriban milimita 8. Fundi alitoboa kwanza tundu la kijiti kwenye mguu, akauingiza ulimi, akatia alama mahali tundu lilipoangukia, kisha akauchomoa. Alipoutoboa ulimi hakufuata alama ile. Alisogeza tundu kama milimita 2 kuelekea kwenye bega la ulimi, yaani pale mbao inapoanza kupunguzwa. Kijiti cha mwaloni mkavu, kilichochongwa kwa kisu kikawa chembamba kuelekea ncha, kikigongwa ndani hulazimika kujipinda kupita matundu mawili yasiyolingana, na kwa kufanya hivyo huuvuta ulimi mpaka bega likaze kabisa kwenye mguu. Mguu mbichi unapoendelea kukauka huzidi kukibana kijiti kikavu. Kusogeza tundu kupita kiasi kuna adhabu yake: kijiti huvunjika ndani, au mbao kati ya tundu na ncha ya ulimi hupasuka. Likisogezwa kidogo mno, ungo hulegea baada ya miaka michache.

Ungo huo unaacha ushahidi. Mguu umenywea kwa unene, kijiti hakikunywea kwa urefu, hivyo kwenye kiti cha kweli vichwa vya vijiti hujitokeza nje kidogo na vidole huvihisi. Havina duara kamili, vina pembepembe. Ukikuta vijiti vya duara safi vilivyo sawa na uso wa mbao, hapo pamefanyiwa kazi ya baadaye, ama ya kukarabati ama ya kuunda kiti kizima.

Paneli ya egemeo haikushikiliwa kwa gundi wala kijiti. Imechomekwa kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka fremu, kingo zake zikiwa zimepunguzwa kwa nyuma ili ziingie, na imeachwa huru ipanuke na kunywea. Mtu akiigundisha kwa nia njema ya kuizuia isitikisike, itapasuka katikati msimu wa kwanza wa ukame. Hilo ni kosa la ukarabati la kawaida sana, na halina sababu.

Nakshi zenyewe hazina kina kirefu. Fundi alipiga mistari kwa msumari na bikari, akachora kwa patasi zenye makali ya mviringo, kisha akashusha usuli, yaani uwanda unaozunguka nakshi, milimita chache tu na kuugonga kwa chuma chenye meno ili uwe na vitone na kuficha alama za patasi. Nusu duara zilizopangwa mfululizo, mikanda inayosukana, almasi, tao, maua ya tulipu na mizunguko ya umbo la S ndiyo michoro ya kila mara. Ukiinamia paneli mwanga ukitoka pembeni, utaona kitundu cha bikari katikati ya kila nusu duara na mistari ya kupimia ambayo hakuna aliyejisumbua kuifuta. Nusu duara mbili zilizo jirani hazilingani kabisa. Nakshi iliyo na kina kikubwa, iliyosawazishwa kila kona na isiyo na mstari hata mmoja wa vipimo, inastahili kutiliwa shaka.

Kila eneo lilikuwa na mkono wake. Viti vya mikoa ya Kiingereza ya Lancashire na Cheshire mara nyingi vina piramidi ndogo juu ya nguzo za nyuma. Vya Yorkshire huwa na ubao wa juu uliokaa juu ya nguzo, wenye masikio yaliyojiviringa pembeni, na baadhi ya paneli za eneo hilo zimetiwa vipande vya mti mweupe wa holi na mwaloni mweusi uliofukuliwa kwenye matope. Mji wa Salisbury ulikuwa na Humphrey Beckham, muungaji na mchongaji aliyefariki mwaka 1671, ambaye paneli yake ya kumbukumbu bado imo katika kanisa la Mtakatifu Thomas mjini humo. Mikono hiyo ilisafiri pia: muungaji Thomas Dennis alihamishia mtindo wa mkoa wa Devon mjini Ipswich, Massachusetts, huko Marekani, na viti vinavyohusishwa naye ni ndugu wa damu wa viti vya Uingereza.

Kiti cha mikono hakikuwa cha kila mtu. Nyumbani kilikuwa cha mwenye nyumba, na waliobaki walikalia vigoda na mabenchi. Anayekijua kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar atauelewa utaratibu huo mara moja. Baadaye kigoda kiliongezewa egemeo kikawa kiti kisicho na mikono, na vile vya Yorkshire na Derbyshire, vyenye mbao mbili za egemeo zilizokatwa kwa umbo la tao, ndivyo vinavyotafutwa zaidi minadani. Benchi lenye egemeo refu, mara nyingine likiwa na sanduku chini ya kikalio, ni la familia hiyohiyo. Baada ya 1660 mitindo ya London iligeukia mjozi na henzerani, lakini mikoani mwaloni wa kuunga uliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi.

Tatizo kubwa la mnunuzi linatoka karne ya 19. Mwaloni wa kale ulipendwa mno wakati wa Malkia Victoria, na mafundi walifanya mambo mawili. Walitengeneza viti vipya vya mtindo wa kale, wakivitia weusi kwa rangi au kwa mvuke wa amonia ambao hugeuza tanini ya mwaloni. Na walichukua viti halisi visivyo na urembo wakavichonga nakshi, wakaongeza na tarehe. Hicho cha pili ndicho kinachodanganya, maana maungo ni ya kweli. Angalia matundu ya wadudu: mdudu hutoka kwa kitundu cha duara cha milimita 1 hadi 2, wakati njia zake ndefu hubaki ndani ya mbao. Ukiona njia hizo zimefunuka kama mifereji katikati ya nakshi, mbao ilichongwa baada ya kuliwa. Angalia herufi pia. Katika karne ya 17 herufi I ilitumika mahali pa J, hivyo J ya kisasa juu ya tarehe 1640 haikubaliki. Mistari ya mviringo ya msumeno nyuma ya paneli nayo ni ya enzi za mashine.

Mguu uliokerezwa upimwe kwa kalipa, chombo cha kupimia unene, pande mbili: wa kale umenywea ukawa na uduara wa yai, na tofauti ya milimita moja au mbili ni jambo la kawaida. Kisha tazama mbao za chini. Wakazi wa nyumba zenye sakafu baridi na yenye unyevu waliweka miguu juu yake, hivyo ile ya mbele inatakiwa iwe imelika, tena katikati kuliko pembeni. Ikiwa inagusa karibu sakafu, ncha za miguu zimeoza na kukatwa, na kikalio kitakuwa chini kuliko kilivyokusudiwa. Miguu iliyounganishwa vipande vipya si aibu, mradi bei iseme hivyo.

Kuhusu kutunza: unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 50 na 60, na kiti kikae mbali na hita na kiyoyozi. Nta ya nyuki kidogo, mara moja au mbili kwa mwaka, inatosha. Msasa usiguse kabisa, kwa sababu unaondoa ngozi ya juu iliyojengwa na mikono, moshi na nta kwa karne nyingi, na hiyo hairudi. Unga mweupe mbichi chini ya vitundu una maana wadudu wako hai. Kiti kifungwe ndani ya plastiki na kigandishwe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Ungo uliolegea ufunguliwe kwa kukisukuma kijiti kutoka ndani, kule kwenye ncha nyembamba, na ubadilishwe kijiti badala ya kumiminiwa gundi. Kiti kikihamishwa kinyanyuliwe kwa mbao za kikalio. Mikono imeshikwa na kijiti kimoja kimoja, na mzigo huo haikuumbiwa.