Msimulizi asiyeaminika katika hadithi za vita

Msimulizi asiyeaminika ni yule ambaye maelezo yake yanampa msomaji sababu ya kuyatilia shaka, na sababu hiyo imo ndani ya hadithi yenyewe. Sehemu ya pili ya maana hii ndiyo husahaulika. Mtu akikuongopea na usiwe na njia yoyote ya kujua, umedanganywa tu, hapo hapana mbinu ya kifasihi. Mwandishi anayeijua kazi yake huacha nyufa za kuchungulia: tarehe zinazogongana, jambo linalokanwa kabla halijaulizwa, kitu kidogo ambacho hakikupaswa kuwa pale kilipo. Istilahi hii iliingia katika uhakiki mwaka 1961 kupitia mhakiki wa Marekani, Wayne Booth, ingawa wasimulizi wa aina hiyo walikuwapo karne nyingi kabla yake.

Katika hadithi za vita mbinu hii hubeba mzigo mzito zaidi, kwa sababu mambo matatu humkuta mtu mmoja kwa pamoja. Kuna kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloweza kumfanya ashindwe kulipanga tukio. Kuna hatia, inayomfanya alipange mno. Halafu kuna mashaka ya usasabaadaye (postmodernism), yanayohoji kama tukio la vita lina ukweli mmoja unaoweza kusimuliwa. Wanafunzi wengi huyarundika yote matatu chini ya neno "kuchanganyikiwa", na alama za mtihani zinapotea. Kila moja huacha alama zake kwenye sentensi, na Kiswahili, kwa jinsi vitenzi vyake vinavyobeba mtenda, wakati na kauli, huziweka wazi sana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Ujanani alikuwa mwanajeshi katika Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, na sasa anamsimulia mjukuu wake walivyoingia Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, Januari 1979. Mara ya kwanza anasema hivi:

"Tuliingia alfajiri. Nyumba zilikuwa tupu. Zikabomolewa, tukasonga mbele."

Kurasa kadhaa baadaye mjukuu anauliza habari nyingine kabisa: babu, mlikuwa mnakula nini huko? Mzee anajibu:

"Chakula kilikuwa tabu. Lakini zile nyumba, mjukuu wangu, zilikuwa tupu kabisa. Nilichungulia mwenyewe. Hata sufuria ya maharage ilikuwa bado inatokota."

Na karibu na mwisho wa hadithi, bila mtu kumuuliza chochote:

"Mlango ni wa bati, wa bluu. Maharage yananukia. Sajini anasema haraka. Mlango ni wa bluu. Halafu tuko barabarani."

Hakuna popote aliposema kwamba ndani mlikuwa na watu. Msomaji ndiye anayefika huko, na anafika kwa kufuata vitenzi. Katika maelezo ya kwanza, "tu" ipo mwanzoni na mwishoni: tuliingia, tukasonga. Katikati imetoweka. Nyumba "zikabomolewa", na kauli ya kutendwa imemmeza mtenda. Linganisha na njia nyingine alizokuwa nazo: "tukazibomoa" ingewataja wote, "nikaibomoa" ingemtaja yeye na nyumba moja, na "zikabomoka" ingezifanya nyumba zianguke zenyewe. Alichokichagua kinakiri kwamba kulikuwa na mkono, ila mkono hauna mwenyewe. Hiyo ni alama ya hatia.

Maelezo ya pili yanaongeza alama mbili. Amejibu swali ambalo hakuulizwa, na ametoka kwenye "tu" akaingia kwenye "ni" pale tu alipohitaji shahidi. Sufuria ndiyo inayomwangusha, kwa kuwa maharage hayatokoti masaa katika nyumba iliyohamwa. Kuni huisha na maji hukauka. Yeye ameitaja kama ushahidi wa utupu, na papo hapo imekuwa ushahidi wa watu.

Ya tatu ni jambo jingine. Kiambishi "ka", kinachofunga tukio moja na jingine katika usimulizi wetu, hakipo. Wakati umegeuka kuwa uliopo, ingawa ni miaka mingi imepita. Rangi ya mlango inarudiwa bila sababu ya kimantiki, na kati ya mlango na barabara pana shimo lililofunikwa kwa neno "halafu". Hiki ni kiwewe: hisi za mwili ziko kamili, mfuatano umevunjika.

Utofauti huo una faida ya kiutendaji. Ukiona mpangilio umenyooka kupita kiasi, tarehe zimekaa, sababu zimekaa, na mtenda hayupo, tafuta hatia. Ukiona harufu, rangi na sauti vimeng'ang'ania huku mfuatano ukikatika, tafuta kiwewe. Mara nyingi vyote vimo kwa msimulizi mmoja, kama kwa mzee wetu, lakini havimo kwenye sentensi moja.

Tahadhari kidogo kuhusu kiwewe. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza maradhi ya msongo baada ya kiwewe katika mwongozo wake rasmi, kwa sehemu kubwa kutokana na hali za askari waliorudi kutoka Vietnam. Tangu hapo wahakiki wa fasihi wameazima mengi kutoka huko, hasa wazo kwamba kumbukumbu ya kiwewe huwa vipande vipande. Watafiti wa kumbukumbu hawakubaliani juu ya hilo. Wapo waathirika wanaokumbuka kila kitu kwa mpangilio, na hilo ndilo linalowatesa. Kwa hiyo usiandike kwenye jibu la mtihani kwamba msimulizi mwenye kiwewe "lazima" asahau. Andika kile ambacho matini inakionyesha.

Hatia nayo ina sura zaidi ya moja. Aliyetenda huficha. Aliyetoa amri huhamishia tendo kwa "hali ya vita" au kwa wakubwa zaidi yake. Aliyenusurika wakati wenzake wamekufa hufanya kinyume, na hapa ndipo wasomaji wengi hukosea: yeye hukiri kupita kiasi. Atasema ni yeye aliyemuua rafiki yake, wakati mambo yote kwenye hadithi yanaonyesha alikuwa upande wa pili wa mto. Huo nao ni usimulizi usioaminika. Ukiri, hata uwe mchungu namna gani, hautoshi kuwa kipimo cha ukweli.

Tuje kwenye usasabaadaye. Mwaka 1979, mwaka ule ule majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala, mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard alichapisha kitabu kilichoieleza hali ya usasabaadaye kuwa ni kutoziamini tena simulizi kuu, zile zinazodai kueleza kila kitu kwa maana moja: maendeleo, ukombozi, taifa. Kila vita huwa na simulizi yake kuu. Ya Kagera kila mtu anaijua: hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hadithi ya kisasabaadaye haina haja ya kuipinga hotuba hiyo. Uvamizi ulitokea, daraja la Kyaka lilivunjwa, watu wa Kagera waliuawa na kuporwa. Inachofanya ni kuweka pembeni yake sauti ndogo isiyoingia ndani ya ile "tu" kubwa, kisha kuonyesha waziwazi kwamba hadithi ni kitu kinachotengenezwa: msimulizi anajirekebisha, anatoa matoleo mawili ya kifo kimoja, anamwambia msomaji kwamba mhusika fulani amembuni.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa mtindo huu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hapo kwenye maji ya Mwanza, aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ambazo wakati, mahali na nafsi havishikiki kirahisi. Si riwaya za vita. Lakini aliyezisoma kwa makini amekwisha kuzoea kutomdai msimulizi mfuatano wa saa na kalenda, na hiyo ni nusu ya kazi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuruka kutoka "msimulizi haaminiki" hadi "hakuna ukweli". Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ililenga Mwanza ikakosa, na silaha zake zikaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Walikufa wanyama. Msimulizi wa hadithi anaweza kusema mji mzima uliwaka moto usiku ule, na kwa hofu yake labda uliwaka kweli. Mwandishi na msomaji wanajua haukuwaka. Umbali kati ya kauli yake na kisiwa ndio unaotupa kipimo cha hofu. Bila jiwe lisilosogea huwezi kujua maji ya ziwa yamepanda kiasi gani. Hata mzee wetu wa Kirumba anahitaji jiwe lake, na lipo: mji wa Mutukula ulibomolewa baada ya kutekwa, raia wakauawa, na Nyerere alipopata habari aliamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Ukilitoa hilo, sufuria inabaki sufuria tu.

Kwa anayetaka kuandika hadithi ya namna hii, anza na ukurasa mmoja ambao hautachapishwa. Andika kwa lugha kavu kilichotokea kweli katika ulimwengu wa hadithi yako: nani, wapi, saa ngapi, nani alifanya nini. Waandishi wengi chipukizi hukwepa hatua hii wakidhani utata utawabeba, kisha nyufa zao hazielekei popote. Halafu amua msimulizi anajua nini, hawezi kusema nini, na anasema na nani. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mzee atamwambia mjukuu neno moja, mwenzake wa kikosi neno jingine, na padri la tatu. Matoleo matatu ya tukio moja kwa kawaida yanatosha. Manne huchosha, na mawili husomeka kama kosa la uhariri. Katika kila toleo badilisha jambo moja au mawili tu na uyaache mengine palepale. Kitu kimoja kidogo, mlango au sufuria, kirudi kila mara ili msomaji awe na mahali pa kushika.

Yanayoharibu ni machache lakini hujirudia. Moja ni kufichua kwenye ukurasa wa mwisho kwamba yote yalikuwa ndoto, au kwamba msimulizi ni marehemu, bila ufa wowote uliotangulia. Jingine ni kumnyamazisha msimulizi kuhusu jambo ambalo hana sababu ya kulinyamazia. Hapo anayeficha ni mwandishi, na msomaji anahisi kuchezewa. Na kuna kumwita asiyeaminika kila msimulizi wa nafsi ya kwanza. Mtoto anayeona wanajeshi wakipita Bukoba akadhani ni gwaride haongopi. Anaripoti sawasawa, anaelewa vibaya. Mtu anaweza kukosea kwenye ukweli wa jambo, kwenye maana yake, au kwenye kulipima uzito wa kimaadili, na jibu zuri la mtihani husema ni lipi kati ya hayo.

Dhana hii ni ya kusomea maandishi. Ukienda na kinasa sauti kwa mzee halisi aliyepigana, usimchambue mbele yake wala usimkamate kwa vitenzi vyake. Tarehe na majina ya vikosi yahakikishe kwingine, kwenye magazeti ya wakati ule na nyaraka. Andika swali lilivyoulizwa, neno kwa neno, na nani wengine walikuwapo wakati wa kujibu, kwa kuwa kesho, mbele ya watu wengine, jibu linaweza kuwa tofauti na utahitaji kujua kwa nini. Akinyamaza katikati, acha mashine iendelee kunasa, kisha andika ukimya huo kwenye nakala yako pamoja na urefu wake kwa sekunde.