Antijeni Iliyotengwa na Makala Iliyotangulia: Hataza Huangukia Wapi

Mtafiti akitenga antijeni ya bakteria, yaani sehemu yake inayotambuliwa na kinga ya mwili, na kuona inaamsha kinga hiyo, hamu yake ya kwanza ni kuitangaza. Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao. Upya wa uvumbuzi hupimwa kwa tarehe ya kuwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi huo. Kilichokwisha kuwafikia umma kabla ya hapo huhesabiwa dhidi yako, hata kama umekiandika mwenyewe. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kutangaza; Ulaya haimpi nafasi hiyo.

Na umma si lazima uwe umati. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba tasnifu moja, iliyoorodheshwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuzuia hataza. Mwaka 2004 ikaamua vivyo hivyo kuhusu bango lililobandikwa mkutanoni siku mbili na nusu, bila nakala kugawiwa. Anayebandika bango lake Muhimbili au Mlimani na atafakari hilo kabla ya kushika pini.

Mabishano makali zaidi huwa juu ya swali hili: je, makala ya zamani ilizungumzia antijeni hiihii? Chukua pataktini, protini ya bakteria wa kifaduro. Kwenye jeli ya maabara inayotenganisha protini kwa ukubwa, husafiri kama protini ya kilodaltoni 69 (kipimo cha uzito wa molekuli). Ukijumlisha asidi amino zake unapata takriban 60. Anayelinganisha namba pekee ataona protini mbili, na atakuwa amekosea, kwa sababu jeli hupima mwendo, haipimi uzito wenyewe. Linganisha mfuatano wa asidi amino, kingamwili zinazoishika, na bakteria iliyotumika.

Kisha soma sehemu ya mbinu mstari kwa mstari: vimelea vilikuzwa katika nini, protini ilitolewa na kusafishwaje? Mtaalamu wa kawaida akifuata maelezo hayo na kupata protini hiyohiyo kila mara, upya umekwisha, hata kama mwandishi hakuipa jina. Asipoweza kuipata, kutajwa tu hakutoshi: mwaka 2005 House of Lords ya Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa nchini humo, ilisisitiza kuwa chapisho la awali lazima lifichue uvumbuzi na pia liwezeshe kuutekeleza. Lakini usishangilie mapema. Kama makala ilionyesha kwamba mchanganyiko ghafi unakinga panya, na usafishaji wako ni wa kawaida, pingamizi litahamia kwenye hatua ya kiuvumbuzi, yaani sharti kwamba uvumbuzi usiwe dhahiri kwa mtaalamu. Huko ndiko maombi mengi ya namna hii yanakokwama.

Kwa hiyo wasilisha ombi kwanza BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, au ARIPO, shirika la hakimiliki za ubunifu la nchi kadhaa za Afrika; bango baadaye. Omba maktaba izuie tasnifu kwa muda, na hifadhidata ya jeni ichelewe kufungua mfuatano wako. Ombi la kwanza hukupa miezi 12 ya kipaumbele katika nchi nyingine, yaani ukiomba huko ndani ya muda huo huhesabiwa tarehe yako ya kwanza, lakini kwa yale tu yaliyoandikwa ndani yake. Ukiacha mfuatano au hatua za usafishaji ukidhani utaongeza baadaye, nyongeza hiyo itapewa tarehe mpya, na bango lako litakuwa limeshaitangulia.